Kipochi cha Nusu Kilo

2 Juni

Baba Chiriku,

Salamu kwanza, maana wewe usiposalimiwa huendelei kusoma. Mimi mzima. Bibi ninayemtunza naye mzima kwa kiasi chake. Leo asubuhi ameficha sabuni chini ya mto, nikaitafuta nusu saa nzima huku yeye ananipa pole.

Nimekaa kuandika badala ya kupiga kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Kwenye simu tunagombana, kwenye karatasi mtu anapata muda wa kufuta.

Jumapili nimeongea na mtoto dakika mbili. Nimemuuliza shule, "nzuri". Afya, "nzuri". Nikamuuliza na hiyo safari ya mlimani, siku tano kwa miguu na wenzake wa darasa, akasema "nzuri" wakati hata hajaenda! Halafu akakupa simu. Huyu ndiye Chiriku? Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hafungi mdomo hata akiwa na tonge ndani. Nani amemfunga?

Sasa nisikilize vizuri. Mkataba wangu unaisha tarehe 30 mwezi huu. Binti wa Bibi anataka niongeze miaka miwili, nimemwambia hapana, mitatu inatosha. Ameshapata dada mwingine, atakuja wiki ya mwisho nimwonyeshe kazi. Narudi nyumbani, Baba Chiriku. Watoto wanashuka mlimani tarehe 8 Julai, na mimi nitakuwa getini chini ya mlima. Usimwambie. Nataka nimwone uso wake kabla hajaupanga.

Kinachonitia hofu ni mfuko wake. Nguo na viatu shule imeshawaelekeza. Mimi naogopa vile vidogo, vya kuogea, vya meno, vya nywele. Mtu anayeoga kwa sabuni ya kufulia tangu nimjue hawezi kumpangia mtoto wa kike kipochi. Niandikie kila utakachotia, kimoja kimoja. Na mimi natuma kifurushi. Nywele je, nani atamsuka? Nakuomba usizinyoe.

Mama Chiriku

*

10 Juni

Mama Chiriku,

Salamu zimefika na masimango yamefika. Sabuni ya kufulia imenitunza miaka arobaini na sita, sijawahi kuota upele.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale pa kurudi nimeparudia mara nyingi zaidi. Sijamwambia. Ila nimeanza kupaka rangi mlango, na mtoto ananiangalia kwa pembeni.

Mwalimu wa safari amesema begi zima lisizidi kilo nane, na kipochi cha vitu vya usafi kisizidi nusu kilo. Anayezidisha anarudishiwa vitu palepale getini. Wazazi wenzangu wanakadiria kwa mkono. Mimi fundi mizani nikadirie kwa mkono? Kuna sonara ameniletea mizani yake sindano imekwama. Nimeitengeneza, na kabla hajaifuata nimepimia kila kitu. Andika:

Mswaki, mpini umekatwa nusu kwa msumeno. Dawa ya meno, mrija mdogo, gramu thelathini. Kipande cha sabuni gramu ishirini, kimeanikwa siku mbili kikauke. Kitambaa kimoja badala ya taulo. Mafuta ya mwili yamehamishiwa kwenye kichupa. Mafuta ya midomo kwa ajili ya upepo wa juu, gramu kumi na mbili. Kilemba cha kulalia, nywele zisishike vumbi. Pedi sita na mbili za akiba, kila moja kwenye kifuko chake, pamoja na mfuko mweusi wa kurudishia zilizotumika, kwa sababu mlimani hakutupwi kitu. Chupi mbili za ziada, nyeusi. Vidonge vinne vya maumivu ya tumbo, vinywewe baada ya kula na si kabla.

Jumla gramu mia nne themanini na saba. Umeona? Na bado nimebakiza nafasi ya kibanio.

Nywele zina mwenyewe. Kuna msusi amefungua chumba mwaka jana, ukuta mmoja na karakana yangu, mikono yake myepesi na hana porojo.

Mlango nautia bluu. Kama huitaki sema sasa.

Baba Chiriku

*

17 Juni

Baba Chiriku,

Leo sina salamu.

Barua yako imenikuta namvisha Bibi soksi. Nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye pedi nikakaa chini, na mguu mmoja wa Bibi ukabaki wazi mpaka akanidai soksi yake.

Lini? Siku gani? Alikuwa wapi, alilia, alimwambia nani? Mimi naosha mwili wa mama wa watu kila siku, najua kila kovu lake limetoka wapi. Wa mwanangu nimeujua kwa barua, katikati ya gramu za sabuni na mafuta ya midomo!

Kifurushi nimekituma tarehe 12. Kina mswaki wenye picha ya dubu, dawa ya meno ya watoto ya ladha ya stroberi, sabuni yenye umbo la bata, na fulana. Fulana nimezikadiria kwa ile niliyomwacha nayo, nikaongeza kidole kimoja. Nimemtumia zawadi mtoto ambaye hayupo tena, na wewe ulijua, ukaniacha.

Halafu nikaisoma tena. Vidonge baada ya kula, si kabla. Chupi nyeusi. Kila pedi kwenye kifuko chake. Wewe? Wewe uliyenipeleka kujifungua na begi lenye bisibisi na betri za redio, kanga hata moja hamna? Ile si orodha ya mwanamume, Baba Chiriku. Ile imeandikwa na mtu anayejua tumbo linavyokata siku ya pili. Mwandiko ni wako, maneno si yako. Na msusi ana mikono myepesi, nimesikia. Myepesi mpaka imefika kwenye kabati la mwanangu.

Upweke naujua, ninao hapa, tunalala nao kitanda kimoja. Kwa huo sikulaumu. Ila mimi nahesabu siku za kurudi, na wewe unapaka mlango rangi huku ndani kuna mwenyewe. Umenifanya mjinga.

Nijibu neno moja tu. Nani aliandika? Na usinipigie. Nikisikia sauti yako nitalia, Bibi akiniona nalia naye analia, halafu hali chakula.

Mama Chiriku

*

24 Juni

Mama Chiriku,

Umeuliza nani aliandika. Mwandiko unaujua.

Kifurushi kimefika. Mtoto amefurahi.

Miaka mitatu naamka kabla ya jogoo. Nimepika, nimefua, nimepiga pasi sketi za shule zenye marinda, kazi ambayo simtakii adui yangu. Vikao vya wazazi nakaa peke yangu katikati ya kina mama wananionea huruma. Sijaingiza mtu ndani ya nyumba hii. Halafu siku nikifanya jambo moja likanyooka, lazima awepo mwanamke nyuma yangu.

Sawa. Amini unavyotaka. Na kama hukumu umeshaitoa huko uliko, basi baki hukohuko.

Baba Chiriku

*

28 Juni

Mama Chiriku,

Ile ya tarehe 24 ichane usiisome. Niliiandika hasira haijapoa, nikaikimbiza posta. Baadaye nikarudi kuiomba, karani akaniambia ikishagongwa muhuri si yangu tena. Nimepiga simu, hupokei. Umesema nisipige, najua, lakini nimepiga.

Msusi mwache, mama wa watu hayumo. Kuhusu ile orodha kuna jambo nitakuambia uso kwa uso, kwa kalamu limenishinda. Ni aibu yangu mimi, hakuna mwanamke ndani yake.

Njoo. Tarehe 8, saa nane mchana, getini. Nitavaa lile shati uliloninunulia kabla hujaondoka, utaniona kwa mbali. Mlango nimemaliza.

Baba Chiriku

*

1 Julai

Baba Chiriku,

Yako ya tarehe 24 imefika jana. Nimeisoma mara moja tu, haikuhitaji ya pili.

Nimebaki hukuhuku. Binti wa Bibi aliweka karatasi mezani tena jana mchana, nikasaini nikiwa nimeshika sahani. Miaka miwili. Yule dada aliyekuja kunipokea amerudi kwao leo asubuhi, na binti wa Bibi amesafiri kikazi, amefurahi, amenikumbatia. Tumebaki mimi na Bibi.

Nilikuwa narudi kwa sababu nilidhani nimeacha pengo. Kumbe mtoto ana wa kumsuka, ana wa kumpangia mfuko, ana wa kumwambia vidonge vinywewe lini. Nikija mimi nitakaa wapi?

Usimwambie kwamba nilitaka kuja. Mwambie mama yake anamsalimu. Na nguo zangu za kabatini mpe huyo mwenye mikono, zikimtosha.

Mama Chiriku

*

12 Julai

Mama, shikamoo.

Baba anajua naandika ila anadhani ni ripoti ya safari ya shule. Nimekaa karakana, yeye yuko nje anabishana na muuza nyama kuhusu mizani yake inayopendelea upande mmoja.

Nikuambie ilivyokuwa. Tarehe 8 tulishuka saa saba na nusu, nimechoka, magoti yanacheza yenyewe. Baba alikuwa getini, kanyoa ndevu, kavaa shati lenye mikunjo ya sandukuni. Nikamkimbilia. Akanikumbatia lakini macho yake yako barabarani. Wenzangu wakaondoka na wazazi wao mmoja mmoja, sisi tumekaa juu ya jiwe. Nikamuuliza tunamngoja nani, akasema tungoje gari linalofuata. Yakapita matatu. La mwisho walishuka watu wanne, akawatazama wote usoni, mpaka mmoja akamsalimia. Akasema haya, twende.

Barua yako ilifika kesho yake. Akaisoma, akaiweka juu ya mizani kubwa ya magunia na kukaa kuiangalia. Sindano haikusogea hata kidogo. Alipotoka nikaisoma. Najua ni utovu wa adabu kusoma barua za wakubwa, Mama, na nimeongeza utovu mwingine, nimesoma zote, zimo kwenye kopo la biskuti.

Mama, orodha niliiandika mimi.

Niliiacha juu ya mizani ya sonara ili nisisahau, Baba akaikuta. Nilimwona kupitia dirishani anainakili, anauma ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikujua anakutumia wewe. Msusi ni bibi kizee, ana wajukuu saba, anamwita Baba "mwanangu" na kumkaripia akipitisha vumbi la chuma mlangoni kwake. Hajawahi hata kuingia kwetu.

Umeuliza lini. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nne mwaka jana, nilikuwa hapahapa karakana nimevaa ile sketi ya kijani. Nikamwambia Baba tumbo linauma, akanipa dawa ya minyoo. Nikainywa. Baadaye nikaona damu nikadhani dawa ya minyoo imenichana ndani. Nilikaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Jumatatu nikasikia wasichana wakubwa wanaongea shuleni, nikaelewa. Nikanunua paketi nikasoma karatasi iliyomo ndani, maandishi madogo, picha haieleweki. Mara ya kwanza niliweka gundi juu, Mama. Nilipoibandua nililia kwa maumivu halafu nikacheka peke yangu. Mambo ya vidonge na chupi nyeusi hakuna aliyeniambia, nimejua kwa kukosea.

Paketi niliificha kwenye boksi la mawe ya mizani ya zamani, Baba haligusi. Kumbe analigusa. Mwezi uliofuata nikakuta paketi mbili. Tangu hapo kila mwezi naikuta mpya, imekaa katikati ya jiwe la kilo mbili na la kilo tano. Hatujawahi kusema neno, si yeye, si mimi.

Kwa nini sikukuambia. Unakumbuka nilipokusimulia mashindano ya shule mwanzo mpaka mwisho, nusu saa? Ukalia. Ukasema umekosa yote, ukasema wewe ni mama gani. Ulilia mpaka Bibi akaja kuuliza. Nikaona kumbe nikiongea sana unaumia. Nikaanza kusema nzuri. Na kila ukinipigia unaniita mtoto wangu mdogo, kwa raha kabisa. Ningeanzaje?

Mlimani kulikuwa kuzuri, na hii nzuri ni ya kweli. Baridi mpaka mswaki ulikuwa umeganda asubuhi. Midomo yangu ilipasuka, siwezi kucheka vizuri mpaka leo. Siku ya tatu tukiwa kwenye kijito msichana mmoja wa darasa letu akajificha nyuma ya mwamba hataki kutoka. Mwalimu wa kike alikuwa mbele sana. Nikamfuata. Akaniambia anakufa, nisimwambie mtu. Nikamwambia hufi. Nikampa zile mbili za akiba na chupi moja nyeusi. Nikamwambia gundi chini. Nikamwambia ale kwanza ndipo anywe kidonge, na siku ya pili ndiyo mbaya kuliko zote, na asitembee mbele ya wavulana wanaotania, atembee na mimi. Nikamwambia yote. Akaniuliza, "Mama yako ndiye alikufundisha?" Nikasema ndiyo.

Sikutaka aone kama sina wa kunifundisha.

Ningejua ulikuwa unakuja ningeshuka ule mlima mbio. Kwa nini mlinifanyia siri? Ninyi wawili mnapenda siri, halafu zinawauma.

Nina miaka kumi na minne na miezi miwili. Kiatu navaa thelathini na tisa. Kimo changu nimefika kwenye kitasa cha juu cha kabati lako. Nakuandikia ili usikosee tena.

Nguo zako Baba hajampa mtu yeyote. Nazipiga jua mimi, kila mwezi.

Chiriku

*

19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba mara zote ambazo hukunisalimia na zile ambazo sikuitikia vizuri.

Barua yako nimeisomea bafuni nimejifungia. Bibi akagonga akaniuliza kama nimefiwa. Siku nyingine hajui hata jina langu, leo amekaa nje ya mlango kwenye sakafu, ananiambia pole mwanangu, atarudi, atarudi. Sijui alidhani ni nani.

Nimeumia, Chiriku, sikufichi. Hujakosea wewe. Nilikuwa naogopa kwamba kuna mwanamke ameshika nafasi yangu. Nikaona wivu, nikasaini karatasi. Nilimwona mwanamke mahali palipokuwa na mtoto peke yake. Heri ningemkuta kweli huyo mwanamke. Ningemchukia, lakini angekuwa amekukalisha chini akakushika mkono.

Barua ya baba yako ya kuniita ilifika tarehe 4. Nilikuwa nimeshasaini siku nne kabla. Nimekaa nayo mfukoni mwa aproni mpaka maandishi yameanza kufutika. Simu zake kumi na moja niliziona, sikupokea hata moja. Nilikuwa na kiburi, nikajiambia ni heshima.

Sasa utaniuliza kwa nini nisipande gari leo. Yule dada wa kunipokea amepata kazi kwingine. Binti wa Bibi yuko safarini mpaka mwezi wa tisa. Bibi hawezi kujifuta, mwanangu, wala kujua kwamba jiko linawaka. Mtu wa hivyo haachwi peke yake, hata na mjinga aliyejifunga mwenyewe. Nimeomba likizo ya wiki mbili mwezi wa kumi na mbili. Nimejibiwa "tutaona". Sikuahidi kitu, nimeshakuahidi vya kutosha.

Ulimwambia yule mwenzako kwamba nilikufundisha mimi. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Umenipa heshima ambayo sikuifanyia kazi, na umeitoa kwa mdomo uliopasuka. Asante. Nina deni la kuwa huyo mama uliyemtaja.

Kwenye simu niongeleshe. Niongeleshe nusu saa, saa nzima. Nikilia niache nilie, wewe endelea. Kuzuia kilio changu si kazi yako. Niambie hata nani amekaa dawati la mbele na nani ameiba chaki.

Vile vitu vya kifurushi vitupe. Bata, dubu, fulana, na hiyo dawa ya meno ya stroberi. Najiona aibu nikivifikiria. Nimeandika thelathini na tisa ukutani kwangu, juu ya kitanda.

Hii barua mpe baba yako aisome, hakuna siri tena. Mwambie nimekosa. Mwambie nimesema marinda ya sketi nayajua, ni kazi ngumu kweli.

Mama yako

*

27 Julai

Mama Chiriku,

Salamu. Nimesoma, amenipa mwenyewe, akasimama kunisimamia nisiruke mstari.

Hukukosa peke yako. Ile orodha niliikuta juu ya mizani ya sonara. Nilianza kuisoma nikitabasamu, namna alivyopanga vitu. Nilipofika chini nilikuwa nimeelewa kwamba kila neno pale ni jambo ambalo mimi au wewe tulipaswa kumwambia, na hakuna aliyemwambia. Pedi nilikuwa nanunua, ndiyo, nikiingia dukani naagiza na misumari robo kilo ili nisionekane. Mdomo ndio ulikuwa haufunguki. Mwanamume mzima, nimezungumza na wakaguzi wa serikali, nimeshindwa kuzungumza na mtoto wa miaka kumi na tatu. Nikainakili kwa mwandiko wangu ili wewe huko uliko ulale ukijua nyumbani kuna mtu mzima. Uliponiuliza nani ameandika, ukweli ulikuwa neno moja. Kiburi kikanikaba. Nimekupoteza miaka miwili kwa neno moja.

Sasa tunazungumza, mimi na yeye. Jana aliniambia tumbo linauma, nikamuuliza la minyoo au lile jingine. Akacheka mpaka akakaa chini. Sauti yake sijaisikia hivyo tangu uondoke.

Nililokalia kukuandikia ni hili. Asubuhi ya safari nilipima kipochi mara ya mwisho, kwa mizani ya duka maana sonara alishachukua yake. Gramu mia tano thelathini na mbili. Nikasema haiwezekani, nikafungua. Alikuwa ametoa mrija mdogo niliomnunulia, ametia ile dawa ya meno yako ya stroberi, mrija mzima wa gramu sabini na tano. Nikamwambia hii ya kitoto, na imezidi, utarudishiwa getini. Akatoa kipande cha sabuni. Akatoa mafuta ya midomo. Sindano ikasimama kwenye mia tano. Akafunga zipu akaondoka.

Ndiyo maana midomo ilipasuka. Siku tano kwenye ule upepo. Mwalimu ameniambia wenzake walimwomba ile dawa ya meno, maana inanukia, na yeye hupenda kugawa kila kitu. Hii alikataa kumpa mtu hata tone.

Umesema vitupwe. Nimemfikishia. Fulana ametengeneza vitambaa vya kufutia mizani, bata yuko bafuni, naoga naye mimi. Mrija umekwisha, ameukunja mpaka shingoni. Nikataka kuuweka kwenye taka akaninyang'anya, akaufunga kifuniko, akaurudisha ndani ya kipochi na kukitundika nyuma ya mlango wa bluu.

Mtupu una gramu tisa. Nimeupima.

Baba Chiriku